Kampeni Imeingia Ndani ya Simu: Nani Anatuandikia, na kwa Feza ya Nani?

Baraka, tarehe 5/12/2023

Ndugu vijana wa Fizi na Baraka, dada na kaka, mulioko hapa nyumbani na mulioko ng'ambo,

Tangu tarehe 19/11 kampeni imefunguliwa. Kila mutu ameona: picha kwenye miembe, picha kwenye ukuta wa shule, picha mpaka kwenye mitumbwi pale bandarini. Gari lenye spika linapita sokoni, wimbo mbele, vumbi nyuma. Hayo tumeyazoea tangu mwaka 2006. Lakini kampeni kubwa ya mwaka huu haipiti barabarani, na kwa hali ya RN5 wakati wa mvua jambo hilo halishangazi. Inapita kwenye simu. Kuna wakandida ambao hawajafika Lulenge wala Ngandja hata siku moja, na watu wa kule tayari wanaijua sauti yao, namba yao kwenye mashine na matusi yao kwa wapinzani.

Kwa urais kuna majina 26. Kwa bunge la taifa wakandida ni zaidi ya elfu 25 inchi nzima, na wapiga kura walioandikishwa ni karibu milioni 44. Katika kelele hiyo yote, kijana wa Baraka anaamka asubuhi, anafungua simu, anakuta jumbe mia mbili. Nani ameziandika? Nani amelipa? Hilo ndilo tunataka kusema leo, zikiwa zimebaki siku 15 mbele ya kura ya tarehe 20.

Tuanze na tovuti za vyama vyenyewe, maana ndizo zinapaswa kuwa mlango wa mbele. Tulikaa siku mbili tukazifungua kwa mega zetu wenyewe, chama baada ya chama, na rezo ikikatika kila mara. Zingine hazifunguki kabisa. Zingine habari yao ya mwisho ni ya kampeni iliyopita. Zile zinazofanya kazi zimeandikwa kwa Kifaransa kizito: picha ya mkubwa wa chama, historia ya mkubwa wa chama, safari za mkubwa wa chama, halafu kitabu kirefu wanachokiita projet de société. Tulitafuta neno Fizi. Tulitafuta neno Baraka. Tulitafuta RN5, Misisi na dhahabu yake, wavuvi wa ndagala, wakimbizi wa Lusenda. Katika zile tulizofungua hatukupata ukurasa hata mmoja unaosema chama kitafanya nini hapa, kwa feza gani na kwa muda gani. Wala hatukupata mahali ambapo mbunge anayetaka kurudi Kinshasa anaonyesha alisema nini bungeni kwa miaka 5, alipigia kura sheria gani, alimuuliza waziri gani swali gani.

Tovuti hizo hazikutengenezwa kwa mama wa Mboko. Zimetengenezwa kwa mabalozi na waandishi wa ng'ambo, ili chama kionekane kiko na anwani. Sisi wapiga kura tumeandaliwa kitu kingine.

Kitu hicho ni kurasa zisizo na mwenyewe. Munazijua. Jina lina neno «info», au «actu», au jina la mahali petu, ili tudhani ni la kwetu. Zinazaliwa miezi mitatu mbele ya kura. Mwanzoni zinaleta mpira, muziki, tangazo la mutoto aliyepotea, na watu wanajiunga kwa nia njema. Wakishafika elfu kadhaa, rangi inabadilika: leo Onorable ametoa mabati kwa kanisa, kesho Onorable amepokelewa kama mfalme, keshokutwa mpinzani wake ni mwizi, ni mgeni, ni jasusi. Soma vizuri utaona makala moja kwenye kurasa nne, na kosa lile lile la herufi kwenye mstari ule ule. Mwandishi wa kweli hawezi kukosea mara nne mahali pamoja. Hiyo imetoka kwenye mkono mmoja, na mkono huo umelipwa.

Katika kazi ya habari ya inchi yetu, bahasha inayopewa mwandishi inaitwa coupage. Zamani ilitolewa kwenye mlango wa mkutano, ndani ya karatasi. Siku hizi inaingia kwenye simu, na anayeipokea mara nyingine si mwandishi hata kidogo. Ni kijana kama wewe, mwenye simu nzuri na njaa.

Musiseme tunaota. Mwezi wa 8 mwaka 2020 kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba imefuta mtandao wa kurasa na akaunti za uongo zilizotoka hapa Kongo. Kurasa peke yake zilikuwa zaidi ya 60. Kampuni ilisema uchunguzi wake ulizihusisha na watu wa karibu na Honoré Mvula, mwanapolitike wa Kinshasa. Hiyo ilikuwa mwaka ambao hakukuwa na uchaguzi hata mmoja. Sasa fikirieni mwaka wa uchaguzi.

Majirani zetu wamepita njia hii mbele yetu. Kule Kenya, mwaka 2017, watu waliokuwa wakitafuta habari za uchaguzi kwenye Google walikuwa wanapelekwa kwenye tovuti moja inayoitwa The Real Raila. Ilikuwa na video za kutisha: Kenya inaungua, njaa, vita, eti hiyo ndiyo inchi itakavyokuwa kama Raila Odinga akishinda. Hakuna jina la mwenye tovuti lililowekwa. Baada ya uchaguzi, shirika la Privacy International lilifuata nyayo likafika mpaka Texas, Marekani, kwenye kampuni ya matangazo inayoitwa Harris Media. Mwaka 2018 mkubwa wa kampuni nyingine, Cambridge Analytica ya Uingereza, alirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 akijisifu kwamba wao waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta mara mbili. Yaani Mukenya alidhani anasoma mawazo ya Mukenya mwenzake. Alikuwa anasoma kazi ya watu waliolipwa kwa dola ng'ambo ya bahari.

Na Uganda: Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizosema zimeunganishwa na wizara ya mawasiliano ya serikali. Serikali ikakasirika, ikafunga Facebook, halafu ikafunga intaneti yote mbele ya kura ya tarehe 14. Aliyekuwa anadanganya ndiye aliyezima taa.

Turudi nyumbani. Kwetu hakuna haja ya kampuni ya Texas, tuko na vokale.

Angalia inavyokwenda. Saa nne ya usiku sauti inaingia kwenye grupu ya WhatsApp. Haina jina. Inaanza: «Wandugu, hii mambo nimesikia kwa mutu wa ndani kabisa…» Asubuhi iko kwenye statu ya watu hamsini. Motari ameisikia wakati anangoja mteja, anamwambia mteja. Mteja anashuka sokoni. Mama muuza mihogo hana simu ya kuvuta intaneti, lakini saa nne ya mchana naye anajua, na ameongeza chumvi kidogo. Jioni jambo liko kanisani na msikitini. Ukitafuta aliyeanzisha, hayuko. Siku ya pili mtu anatuma ukweli, kwa maandishi, marefu, kwa Kifaransa. Nani atausoma? Ndiyo maana tunasema hesabu ya «watu wangapi wako kwenye intaneti» haituambii kitu hapa Fizi. Simu moja nzuri inalisha mtaa mzima.

Kuna jambo lingine la kwetu sisi, ambalo Kinshasa hawalielewi vizuri. Wandugu zetu wengi walikimbia vita wakaishi Lugufu na Nyarugusu, na kutoka huko wakapelekwa Marekani, Kanada, Australia. Wanatupenda, wanatuma feza, wanalipa masomo ya wadogo zao. Neno lao lina uzito kuliko la chifu. Wanapolitike wanajua hilo. Sasa kandida anatafuta kwanza yaya aliyeko Marekani, maana yaya akisema kwa Kibembe kwenye grupu ya ukoo «mchagueni huyu», nyumba kumi na mbili zimekwisha. Hatuna ugomvi na maoni yao. Tunachowaomba, kwa heshima, ni hiki: nyinyi muko mbali na moto. Sauti ya hasira munayorekodi kwenye gari la joto kule, mukiwa munakwenda kazini, inatua mahali ambapo jirani anaishi nyuma ya ukuta wa udongo.

Tutalisema wazi, maana kwenye jumbe nyingi za kampeni limefichwa ndani ya mafumbo. Mwaka 2020, wakati meya wa komini ya Minembwe alipowekwa kazini, simu zetu ziliwaka. Mtu ana haki ya kukataa komini. Ana haki ya kuuliza sheria, mipaka, ardhi ya mababu, nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Rais mwenyewe alisimamisha jambo lile siku chache baadaye. Lakini kati ya kukataa komini na kumwita jirani mnyama kuna mlima, na wako wanapolitike wa kila upande, Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu, Wanyamulenge, waliouvuka mlima huo wakipigiwa makofi. Mwaka uliofuata, tarehe 9/12/2021, pale Lweba, hapa hapa kwetu, afisa wa jeshi letu la FARDC, Munyamulenge, aliuawa na kundi la watu na mwili wake ukachomwa. Video ikatembea kutoka simu mpaka simu. Wako vijana wa umri wetu walioiweka kwenye statu. Jumamosi hii inatimia miaka miwili. Kwa hiyo kandida anapotuma leo vokale ya kusema «hawa si watu wetu, tuwasafishe kwa kura», tunajua neno «kusafisha» linaishia wapi. Hatutalisambaza, hata kama anayelisema ni wa ukoo wetu, hata kama ametuletea mabati.

Sasa tuseme na wale walio kati yetu. Tunajua kwamba vijana wengi wa Baraka, wengine walikuwa nasi kwenye maandamano, leo ni «komunikateri» wa kandida fulani. Wazee wanatusimulia animasio ya wakati wa Mobutu, watu wakitolewa ofisini na shuleni kwenda kuimba na kucheza kwa ajili ya chama. Leo inachezwa kwa kidole gumba. Mshahara ni mega za wiki, tisheti, soda, mara nyingine franka elfu kadhaa, na ahadi ya kazi Bukavu ambayo itasahauliwa tarehe 21. Hatuwahukumu. Anayejua njaa ya kijana mwenye diploma asiye na kazi hawezi kumcheka. Lakini tunataka mujue bei ya kazi hiyo, maana aliyewaajiri hakuwaambia.

Tangu tarehe 13/3/2023 inchi ina sheria mpya ya mambo ya digitali. Kifungo cha 360 kinasema kwamba mutu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mutu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka miezi 6, na kulipa franka laki 5 mpaka milioni 1, au adhabu moja kati ya hizo. Soma tena: au kusambaza. Onorable hakuandika kitu. Simu si yake, namba si yake, ukurasa si wake. Siku mpinzani akipeleka malalamiko parokeni, anayechukuliwa ni wewe. Onorable atasema hakujui, na kwa karatasi atakuwa na haki.

Tena sheria hiyo hiyo hatuipendi, tuseme ukweli wote. Mwandishi Stanis Bujakera amekamatwa tangu tarehe 8/9, yuko gereza la Makala hata leo, ju ya makala ya gazeti la Jeune Afrique ambayo haina hata jina lake. Sheria inayoweza kumfunga mwandishi mkubwa hivyo, itamfanya nini kijana wa Mwandiga asiye na wakili? Tunaitaka ibadilishwe. Lakini mpaka siku hiyo iko, na wanaoitumia hawatakuuliza kama ulikuwa na njaa.

Kuna watakaotujibu: basi vijana muache simu, kampeni irudi kwenye uwanja. Hapana. Hatusemi hivyo, na tungekuwa wa mwisho kusema hivyo, sisi ambao bila simu hakuna angetusikia. Kandida kijana, au kandida mwanamke, asiye na gari wala feza ya vitenge, simu ndiyo inampa nafasi mbele ya tajiri. Video ya dakika mbili, kwa Kiswahili au Kibembe, mutu anasimama mbele ya kituo cha afya chenyewe na kusema: hapa hakuna dawa, nitafanya hivi, jina langu ni hili, chama changu ni hiki. Hiyo tutaisambaza bure, hata kama hatumchagui. Tumeona mbili au tatu za namna hiyo mwaka huu. Zilikuwa na watazamaji wachache kuliko ile ya Onorable akirusha feza dirishani. Hiyo nayo ni aibu yetu, si ya Kinshasa.

Na ndiyo maana hatutakubali intaneti ikatwe. Tunakumbuka. Mwaka 2011 serikali ilifunga SMS siku chache baada ya kura. Mwaka 2018 tulipiga kura tarehe 30/12, siku ya pili intaneti ikakatwa, na signali ya RFI nayo. Ilirudi karibu tarehe 20/1/2019. Matokeo yalitangazwa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, watu wakiwa gizani. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi karibu elfu 40, walisema matokeo hayafanani na yale waliyokusanya. Nani angelinganisha? Wale wa miji ya mpakani walinunua laini za Rwanda na Burundi. Sisi wengine tuliishi kwa uvumi, na uvumi ndio chakula cha wale wale wenye vokale za usiku. Serikali inasema hukata intaneti ili kuzuia uongo. Sisi tuliokuwa hapa tunajua uongo ulinenepa siku hizo 20 kuliko wakati wowote.

Mwaka huu mambo hayaonyeshi dalili nzuri. Tarehe 29/11 Umoja wa Ulaya umefuta misheni yake ya kuangalia uchaguzi, kwa sababu vyombo vyake vya mawasiliano havikuweza kuwekwa. Wamebaki waangalizi wa CENCO na ECC, mashahidi wa vyama, na sisi.

Kwa hiyo msimamo wetu, uliokubaliwa kwenye mkutano wa Jumapili, ni huu. Mwanaharakati wa kundi letu anayesimamia ukurasa wa kandida, aseme hadharani kwamba ni wa kandida, aweke jina lake, na asimamishe kazi yake ndani ya harakati mpaka matokeo yatangazwe. Hafukuzwi. Lakini hawezi kuvaa kofia mbili juu ya kichwa kimoja. Kwa wakandida wote wa Fizi tunadai kila ukurasa unaowasifu uandikwe ni wa nani na nani anaulipa. Wakikana, wakane wazi, kwa sauti yao, kwa Kiswahili, ili siku ya mashitaka tujue nani alisema nini. Kwa waliokuwa bungeni tunadai orodha ya maswali na kura zao. Karatasi moja inatosha, hata ya mkono, tutaipiga picha sisi wenyewe.

Kwa CENI: sheria ya uchaguzi kama ilivyobadilishwa mwaka 2022 inadai matokeo ya kila biro yawekwe kwenye tovuti yake. Tutayangoja hapo, biro kwa biro, kuanzia Makobola mpaka Kazimia. Kwa wanaharakati: usiku wa tarehe 20, matokeo yatabandikwa mbele ya biro. Piga picha ya karatasi nzima, saini zionekane, jina la biro lionekane, usiongeze neno lako. Wale wa vijiji visivyo na rezo, tunzeni picha mpaka mufike mahali pa rezo. Chajini simu na betri mbele ya siku hiyo, nyumba za kuchajia zitajaa.

Na mbele ya hapo kuna tarehe 19. Kampeni inakwisha tarehe 18 usiku, na siku ya kati ni ya kimya kwa wote, kwenye simu pia. Siku hiyo tutaangalia ukurasa gani bado unaomba kura, na grupu gani bado inazungusha vokale. Ukiona, usijibu, usitukane, usisambaze. Piga picha ya skrini, tarehe na saa zionekane, mpelekee mratibu wa mtaa wako mbele ya saa kumi na mbili ya jioni.